Maswali ya Wasomaji: Mitupo 28, iliyoingia 22

SWALI: Ndugu mwandishi, salamu nyingi. Mtaani kwetu tuna vijana wanaofuatilia sana mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani. Juzi mmoja wao alidai kwamba iliwahi kuchezwa fainali ambayo timu moja ilifunga karibu asilimia 80 ya mitupo yake, na kwamba kila aliyetupa katika timu hiyo alifunga zaidi ya nusu. Tulimbishia hadi akanyamaza. Je, alisema kweli? Na kama ni kweli, inawezekanaje shabaha ya namna hiyo iwashukie watu kadhaa kwa usiku mmoja?
Msomaji, Tanga

JIBU: Kijana huyo mlimwonea, na ningefurahi kama mngemwendea mkamwambia. Mchezo anaouzungumzia ni fainali ya tarehe 1 Aprili 1985, iliyochezwa Lexington, Kentucky, kati ya Villanova na Georgetown. Villanova ilishinda kwa pointi 66 kwa 64, na kati ya mitupo 28 ambayo wachezaji wake waliitupa wakati mchezo ukiendelea, 22 iliingia, yaani asilimia 78.6. Dwayne McClain alifunga 5 kati ya 7, Ed Pinckney 5 kati ya 7, Harold Pressley 4 kati ya 6, Gary McLain 3 kati ya 3, na Harold Jensen, aliyetokea benchi, 5 kati ya 5. Jumlisha mwenyewe uone kwamba hakuna mtupo uliobaki kwa mtu mwingine. Wenzao wengine walioingia uwanjani usiku ule, akiwemo Dwight Wilbur aliyekuwa katika kikosi cha kwanza, hawakutupa hata mara moja katika mwendo wa mchezo.

Mimi huanza kuieleza fainali hiyo kwa hao ambao hawakutupa, kwa sababu hapo ndipo jibu la swali lako la pili lilipo. Shabaha walikuwa nayo, hilo halina shaka, lakini shabaha peke yake haifikishi timu kwenye asilimia 78. Kinachoifikisha huko ni mitupo ambayo haikutupwa: mchezaji anapata mwanya ambao siku nyingine angeridhika nao, anautazama, kisha anampa mpira mwenzake aliye karibu zaidi na kikapu au aliye mbali zaidi na mlinzi. Mtupo mbaya usiotupwa hauonekani mahali popote kwenye karatasi ya takwimu, ingawa ndio unaoipandisha asilimia ya timu nzima.

Kanuni za wakati ule ziliwaruhusu kufanya hivyo. Katika mashindano ya mwaka 1985 hapakuwa na saa ya kuilazimisha timu itupe ndani ya sekunde fulani; saa ya sekunde 45 iliingia katika vyuo vyote vya wanaume kuanzia msimu uliofuata, 1985/86, na mstari wa pointi tatu, ambao kikapu kinachotupwa kutoka nyuma yake huleta pointi tatu badala ya mbili, ukafuata msimu wa 1986/87. Kwa hiyo timu ya kocha Rollie Massimino iliweza kuuzungusha mpira kwa muda iliotaka mbele ya Georgetown, timu iliyokuwa bingwa mtetezi, yenye Patrick Ewing katikati na ulinzi uliozifanya timu nyingi ziharakishe mambo. Villanova walikuwa wamefungwa na Georgetown mara mbili msimu huo huo, na bila shaka walijifunza kwamba haraka ilikuwa na faida kwa mpinzani.

Angalia pia namna mchezo ulivyogawanyika. Kipindi cha kwanza Villanova walifunga mitupo 13 kati ya 18, wakaenda mapumziko wakiongoza 29 kwa 28. Kipindi cha pili walitupa mara 10 tu na kufunga 9. Mara kumi katika dakika 20! Vikapu hivyo 9 viliwapa pointi 18, na pointi 19 nyingine walizipata kwenye mitupo huru, ile ya pointi moja moja inayotolewa baada ya madhambi, kwa sababu Georgetown walilazimika kuwafanyia madhambi ili kuupata mpira. Mtupo uliokumbukwa zaidi ni wa Jensen, zikiwa zimebaki dakika mbili na sekunde 36, uliowarudisha mbele kwa 55 kwa 54.

Kuna jambo moja linalosahaulika kila fainali hii inaposimuliwa, nami naliona kuwa zito kuliko yote. Georgetown hawakutupa vibaya hata kidogo: walifunga 29 kati ya 53, karibu asilimia 55, kiwango ambacho timu nyingi zingeshinda nacho. Walitupa mara 25 zaidi ya wapinzani wao, na Villanova walipoteza mpira mara 17 ilhali Georgetown waliupoteza mara 11. Ndiyo kusema, Villanova hawakuwa na nafasi ya kukosa. Asilimia ile kubwa haikuwa pambo juu ya ushindi. Bila hiyo wangefungwa, na hata kwa kuwa nayo walishinda kwa pointi mbili tu.

Ili kuwapa vijana wako kipimo, waeleze kwamba rekodi ya timu ya wanaume ya daraja la kwanza la vyuo kwa msimu mzima ni asilimia 57.2, iliyowekwa na Missouri katika msimu wa 1979/80, kwa vikapu 936 katika mitupo 1,635. Kati ya 57 ya msimu na 78 ya usiku mmoja kuna tofauti kubwa, na tofauti hiyo sitaificha nyuma ya sifa za uvumilivu: sehemu yake ni ule usiku wenyewe.

SWALI: Katika timu ya chuo ninayoishabikia kuna mchezaji anayefunga asilimia 60 na mwenzake anayefunga asilimia 40, na marafiki zangu wanasema huyu wa pili anaipotezea timu mpira. Lakini yeye hutupa kutoka mbali karibu kila mara. Je, ni haki kuwalinganisha kwa asilimia hizo?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Si haki, na hesabu yake ni fupi. Yule wa asilimia 60, akitupa mara 10 chini ya kikapu, anafunga 6 na kuleta pointi 12. Mwenzake akitupa mara 10 nyuma ya mstari wa pointi tatu, anafunga 4 na kuleta pointi 12 hizo hizo. Ndiyo maana wachambuzi hutumia asilimia iliyorekebishwa, ambamo kila kikapu cha pointi tatu huhesabiwa kuwa kikapu kimoja na nusu. Wakitaka kuingiza na mitupo huru, huchukua pointi zote na kuzigawanya kwa idadi ya mitupo ya kawaida ikijumlishwa na mitupo huru iliyozidishwa kwa 0.44, kwa kuwa ziara moja kwenye mstari wa mitupo huru mara nyingi huwa na mitupo miwili. Kwa kipimo hiki fainali ya 1985 niliyoieleza hapo juu inaonekana vizuri zaidi: Villanova walipata takriban pointi 1.65 kwa kila jaribio la kufunga, na Georgetown 1.13.

Mfano wa pili unatoka katika chuo hicho hicho, miaka 31 baadaye. Katika nusu fainali ya mwaka 2016, jijini Houston, Villanova ya kocha Jay Wright iliifunga Oklahoma 95 kwa 51. Ilifunga mitupo 35 kati ya 49, ambayo ni asilimia 71.4, na 11 kati ya vikapu hivyo vilikuwa vya pointi tatu. Ukirekebisha kwa njia niliyoieleza, asilimia inapanda hadi karibu 82.7, juu ya ile ya 1985, na safari hii saa ya sekunde 30 ilikuwa ikiwahesabia. Josh Hart alifunga 10 kati ya 12 akapata pointi 23, Kris Jenkins 18, Ryan Arcidiacono 15, Mikal Bridges 11, Phil Booth na Daniel Ochefu 10 kila mmoja. Sita walifikisha pointi 10 bila yeyote kuhitaji kutupa mara ishirini.

Hata hivyo, nakusihi ukumbuke na mchezo mwingine. Tarehe 7 Desemba 2015, miezi isiyotimia minne kabla ya usiku huo, Villanova hao hao walikutana na Oklahoma hao hao kule Hawaii wakafungwa 78 kwa 55, na katika mitupo yao 32 ya pointi tatu iliingia 4 tu. Wachezaji ni wale wale, kocha ni yule yule, mpinzani ni yule yule. Anayemhukumu mtupaji wa mbali kwa mchezo mmoja, au hata kwa michezo mitatu, anahukumu upepo. Mpe mchezaji wako wa asilimia 40 msimu mzima, kisha mhesabu kwa pointi alizoleta.

SWALI: Mwandishi, mimi ni mwalimu ninayefundisha timu ya wasichana ya chuo. Mchezaji wangu wa kati anafunga theluthi mbili ya mitupo yake, lakini hutupa mara tano au sita tu kwa mchezo. Wenzake wanataka tumpe mpira kila tunaposhambulia. Je, akitupa mara 15, atabaki na asilimia hiyo?
Mwalimu, Mwanza

JIBU: Mwalimu wangu, mara nyingi asilimia hushuka idadi ya mitupo inapopanda, na sababu yake unaiona mwenyewe mazoezini. Mitupo mitano ya kwanza ni ile iliyo rahisi kuliko yote. Ukitaka ya kumi na tano, itabidi apokee mpira mbali kidogo na ringi, au akiwa amezungukwa na walinzi wawili ambao sasa wanajua mpira unaelekea kwake. Wapo walioweza kubeba mzigo bila kushuka sana. Steve Johnson wa Oregon State, katika msimu wa 1980/81, alifunga 235 kati ya 315, asilimia 74.6, rekodi ya wanaume wa daraja la kwanza iliyodumu hadi msimu wa 2016/17, Devontae Cacok wa UNC Wilmington alipofikia asilimia 80. Lakini hata hiyo ni kama mitupo 11 kwa mchezo.

Ninachotaka ukitazame ni nani anayempa mpira. Katika fainali ya mwaka 1973, Bill Walton wa UCLA alifunga 21 kati ya mitupo 22 dhidi ya Memphis State na kumaliza na pointi 44, katika enzi ambayo kudanki, yaani kuusukumiza mpira kikapuni kwa mkono kutoka juu ya ringi, kulikuwa kumepigwa marufuku vyuoni. Watu husimulia 21 kati ya 22 na kuishia hapo. Usiku huo huo mwenzake Greg Lee alitoa pasi 14 zilizozaa vikapu, na sioni ni kwa haki gani tunazitenganisha hesabu hizo mbili. Kwa upande wa wasichana, mfano wa karibu ni Iowa: Monika Czinano aliongoza nchi nzima kwa asilimia ya kufunga, akifikia karibu asilimia 68 katika msimu wa 2021/22, na msimu huo huo Caitlin Clark aliongoza nchi kwa pointi na pia kwa pasi za kufungisha. Clark alitisha kutoka mbali sana, walinzi wakalazimika kumfuata huko, na nyuma yao Czinano akabaki na mlinzi mmoja. Asilimia 68 ile ilikuwa kazi ya mikono minne.

Wasomaji wetu wengi wanamkumbuka Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyechezea chuo cha Connecticut hadi 2009 na kuchaguliwa wa pili siku ya uteuzi wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, mwaka huo. Mchezaji mrefu wa namna yake hupata vikapu vyake vingi karibu na ringi, kwa kupokea pasi ya mwisho au kuokota ribaundi, yaani mpira uliokosa kikapu na kurudi uwanjani. Akipelekewa mpira mita nne kutoka kikapuni na kuambiwa ajitafutie, anakuwa mchezaji mwingine kabisa. Nadhani msichana wako ni wa aina hiyo.

Kwa hiyo nisingempa mara 15. Ningempa mara nane kwa kila mchezo, kwa michezo minne, na ningemwomba msaidizi wako aandike daftarini, kwa kila mtupo, mahali alipopokea mpira, aliyempa, na idadi ya walinzi waliokuwa mbele yake. Usisahau kuandika pia kile kilichowapata wenzake: iwapo walinzi wawili wanamkimbilia, mmoja wa wasichana wako ameachwa peke yake mahali fulani, na asilimia yake inapaswa kupanda hata kama ya mchezaji wa kati imeshuka kidogo. Ikiwa asilimia ya mchezaji wa kati imeshuka na za wengine hazijapanda, basi mpira unafika kwake ukichelewa au haurudi kutoka kwake, na hilo ni zoezi la pasi. Niandikie tena baada ya michezo hiyo minne, ukiniambatanishia kurasa za daftari. Ningependa sana kuziona.