Re: Sea Wolf na Periscope ni gemu moja?

Hapana mkuu, ni mashine mbili tofauti za gemu, zote za kuzamisha meli ukiwa kama ndani ya nyambizi. Periscope ya kampuni ya Sega ni ya 1966 na haina kompyuta ndani. Meli zake ni vipande vya kadibodi vinavyokokotwa na mnyororo, na torpido (bomu linalosafiri majini) unayoiona ikienda ni mstari tu wa taa zinazowaka moja baada ya nyingine. Utundu wa hali ya juu, ukiniuliza mimi.

Sea Wolf ilitoka kwa kampuni ya Midway mwaka 1976. Hii sasa ni gemu ya video, ila unachungulia kwenye periskopu (bomba la kuchungulia la nyambizi) unayoizungusha kulia na kushoto, kitufe cha kufyatulia kiko kwenye mshikio.

Ulisema pia kwamba kwenye Sea Wolf torpido zako zinapita nyuma ya meli: usiilenge meli yenyewe, lenga mbele yake. Torpido inachukua muda kupanda hadi juu ya skrini. Vile viboti vyenye kasi viwahi mapema zaidi, na angalia mabomu yanayoelea katikati, yanameza torpido zako bure. Usifyatue ovyo pia, zikiisha lazima usubiri zijazwe upya huku muda unayoyoma. Ukiicheza kwenye kompyuta tumia kipanya, achana na vitufe vya mishale.