Mwanaume kufunga kizazi sio kuhasiwa jamani

Nimefunga kizazi, wife anajua, dokta anajua, na sasa na nyie mnajua. Naandika kwa sababu kila nikimwambia mwanaume mwenzangu swali ni lilelile, "yaani umekubali kuhasiwa?" Hapo ndo wengi wanakwama, hata kliniki kuuliza tu hawaendi.

Sisi tuliokulia kwenye ng'ombe kuhasi tunakujua. Dume linalazwa chini, linabanwa na ile koleo kubwa mpaka mishipa ya kupeleka damu kwenye pumbu inapondeka, pumbu zinasinyaa, linakuwa maksai, linapoa, linanenepa na halina habari tena na majike. Mtu mwenye hiyo picha kichwani lazima aogope, simlaumu.

Ila kwa mwanaume anayefunga kizazi pumbu haziguswi. Kinachokatwa na kufungwa ni mirija miwili myembamba ya kupitishia mbegu, basi. Homoni ya kiume haipiti humo, inaingia kwenye damu moja kwa moja, kwahiyo ndevu, sauti, hamu, nguvu za tendo, vyote viko palepale, na manii yanatoka kama kawaida maana yale maji karibu yote yanatengenezwa kwenye tezi za ndani zaidi, mbegu zenyewe ni kiasi kidogo sana.

Mimi nilichomwa ganzi nikawa napiga stori na nesi kuhusu bei ya mchele, kuna wakati nikahisi kama uzi unavutwa chini ya tumbo, mara naambiwa tayari, hata nusu saa haikufika. Mwanamke akifunga anafunguliwa tumbo, hata kama ni tundu dogo, na wife alikuwa ameshahangaika na sindano na vidonge miaka yote hiyo. Nenda na chupi ya kubana, siku chache za mwanzo usibebe mizigo, ukiona uvimbe unaongezeka au homa rudi haraka.

Sasa hili shikeni sana: hutoki pale ukiwa salama. Kuna mbegu zimebaki mbele ya pale palipokatwa, kwahiyo tumieni kondomu au njia nyingine kwa miezi 3 halafu kapime manii maabara wahakikishe hamna mbegu. Ukipuuza, mkeo akishika mimba mwezi wa pili utamshuku bure na ndoa inavunjika kwa kosa ambalo sio lake. Na ukimwi haikingi, wala gono.

Kama bado unawaza "labda baadae nitataka mwingine" usifunge, kufungua ni kazi kubwa na sio lazima ikubali, afadhali mkeo aweke kijiti au kitanzi, hivyo vinatolewa. Kwenye ushauri nendeni wawili, muombeni mtoa huduma awaonyeshe kwenye mchoro panapokatwa ni wapi, na muulize chochote hata kama mnaona aibu, wao wameshazoea.