Alama nyeusi ndani ya taya: ni mafuta ya karai?

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Nina miaka 46, naishi Likoni. Nilipigwa eksirei ya taya kabla ya kung'olewa gego, ikaonekana alama nyeusi ndani ya taya la chini. Haiumi, wala sijavimba. Baada ya siti skani nikaambiwa huenda ni uvimbe wa mafuta mfupani. Mimi nauza viazi karai na mwenyewe navila. Ndiyo sababu? Nitakatwa taya?

JIBU: Wa aleikum salaam, dada. Karai lako halihusiki kabisa, endelea na biashara yako. Ndani ya mfupa mna uboho, na uboho wa mtu mzima una seli za mafuta kwa maumbile yake. Zikijikusanya pahali pamoja zikafanya uvimbe, tunauita lipoma. Si saratani. Ni nadra hata kwenye mifupa ya miguu na kisigino, unakoonekana zaidi. Kwenye taya ni nadra mno.

Nimefurahi kwamba ulipigwa skani. Kwenye eksirei, mafuta, uvimbe wa maji na ameloblastoma (uvimbe wa seli zinazotengeneza meno) vyote vinaweza kutoa weusi ule ule, na ameloblastoma ndiyo inayotunyima usingizi, maana hula taya kimyakimya na upasuaji wake ni mkubwa. Skani hupima msongamano wa kila kitu kwa namba: maji ni sifuri, mfupa hufika mamia, mafuta hushuka chini ya sifuri, baina ya hasi 60 na hasi 120 hivi. Itafute namba hiyo kwenye ripoti yako. Ikiwa ni 30 au 40, hayo si mafuta, na usikubali kuambiwa usubiri tu.

Taya halikatwi kwa ajili ya lipoma. Ikiwa ndogo na picha haina shaka, tunaweza kuiangalia kwa eksirei za mara kwa mara. Ikikua au ikitia shaka, tunafungua kidirisha ndani ya mdomo, tunaikwangua na kuipeleka maabara. Kipande chake ukikitia kwenye chupa ya fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama ya maabara, huelea, kama samli juu ya mchuzi. Nyama nyingine huzama. Ikishakwanguliwa, ni nadra kurudi.

Ila mdomo wa chini au kidevu kikianza kufa ganzi, usingoje miadi. Mshipa wa fahamu wa sehemu hiyo hupita ndani ya taya hilo hilo. Vuka feri uende hospitali siku hiyo hiyo, na ubebe sidii yenye picha za skani, si karatasi ya ripoti peke yake.