Tumbawe jekundu linasinyaa: acha taa, tazama chakula

Mkuu, umeuliza kwa nini tumbawe laini jekundu kwenye tangi lako la maji ya bahari linanywea wiki hadi wiki ilhali taa ni kali na vipimo vya maji viko sawa. Kwanza lijue ni lipi.

Shina lake likipitisha mwanga na vishada vya polipi (vinywa vidogo vyenye minyiri) vikichoma kidole kama miiba, karibu hakika ni jenasi ya Dendronephthya. Likifanana nalo lakini halichomi, shuku Scleronephthya. Nephthea nayo huchoma, ila kwa kawaida ni ya kahawia au kijani kilichofifia. Rangi usiiamini sana, maana kuna matumbawe yanayopakwa ili yauzike. Minya polipi moja kati ya vioo viwili, utazame kwa hadubini inayokuza mara 400. Ukiona viduara vya kahawia vya mikroni 10 hivi, huo ni mwani unaolilisha kwa mwanga. Visipokuwapo, lako linaishi kwa kula tu, na hapo ndipo wengi huliua kwa njaa.

Mwaka 1995 Fabricius, Benayahu na Genin walionyesha kwamba Dendronephthya hemprichi wa Bahari ya Shamu hula zaidi fitoplanktoni, yaani mwani mdogo sana unaoelea majini. Kwa hiyo uduvi wa kugandisha mara moja kwa siku haufai kitu; vipande ni vikubwa mno. Tumia Nannochloropsis hai (mwani mdogo sana) pamoja na rotifa (vijidudu vidogo vya majini), kwa pampu ya dozi inayotia kiasi ulichopanga, kidogo kidogo kila saa mbili, usiku na mchana. Anza na mililita 10 za mwani mzito kwa lita 100 kwa siku, ugawe mara 12. Ondoa soksi ya kuchujia na uzime taa ya UV inayoua viumbe vidogo majini, la sivyo unalisha kichujio. Skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu) iache, inaleta oksijeni. Naitreti ikipita 20 mg/l, badilisha asilimia 15 ya maji kabla ya kupunguza chakula.

Mkondo uwe wa kudumu: polipi ziiname, zisilale. Maji yakituama hazifunguki hata ukimwaga chakula.

Gundi haishiki kwenye ute. Lifunge kwa uzi uliolegea juu ya jiwe. Uzi ukibana, shina huoza. Kitako cha shina kikigeuka kijivu na kunuka, kata kwa wembe mpya sentimita 1 ndani ya sehemu yenye afya, kisha weka kaboni mpya ya kusafisha maji.

Kama hujalizoea kundi hili la matumbawe yanayoishi kwa kula tu, mwenzao Nephthyigorgia ni mvumilivu zaidi. Mweke kivulini, hata kichwa chini, ili mwani usimkalie. Huvimba zaidi gizani, kwa hiyo chakula chake kingi kitoke taa zikishazimwa.