Usimpe huyo mtoto ziwa lote!

Hapana hapana hapana. Mdogo wangu, kabla hujampa mchapaji hata franga moja, futa hiyo sura ya nne ya kitabu chako cha fantazi usiku wa leo. Eti kijana wa miaka 15 wa Himbi, mtaa wetu hapa Goma, anagundua akinyoosha mkono gesi ya kuua iliyo ndani ya Ziwa Kivu inatulia, mji unapona, watu wanapiga makofi. Umeuliza uandike lugha gani na kurasa ngapi, nitafika huko, ila kwanza nisikilize, maana hiyo hadithi mimi nilishaiandika na najua inaishia wapi. Inaishia kwenye mandazi.

Yangu ilikuwa ya Nyiragongo, ile volkano yetu. Mwanzoni shujaa wangu alikuwa na kanguvu ka kipuuzi tu, halafu nikapeleka kwa mjuaji mmoja alijiita mshauri wa waandishi, akala dola 50 zangu akasema fantazi ya nguvu ndogo haiuzi, wewe uko Goma, una volkano bure, mpe volkano. Volkano bure! Mtu mwenyewe anaishi fasi yenye milima inatoa ukungu tu. Nami nikamfuata kama mbuzi wa sikukuu. Nikaandika lava inashuka polepole kama asali, kijana anainua kiganja, inasimama, na anaitania. Nakala 300, dola 3 kila moja, piga hesabu mwenyewe, na pesa ilikuwa ya likelemba ya mama, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu.

Uzinduzi niliupanga Jumapili tarehe 23 Mei 2021. Wenye mlikuwa Goma mmeshaanza kucheka.

Jumamosi ile magharibi niko napanga vitabu kwenye kartoni, nasikia jirani anaita Yesu, nainua macho, mbingu nyekundu. Na ile lava haikuwa asali bana! Ya kwetu ni nyepesi, inakimbia kama supu imemwagika, mzee yeyote aliyeona mlipuko wa 1977 angeniambia, kama ningeuliza mzee badala ya kulipa mjuaji. Ilifika Buhene, pembeni ya mji, ikasimama yenyewe, bila kiganja cha mtu. Watu walikufa, nyumba za watu zikabaki jiwe jeusi. Siku tano baadaye, ardhi bado inatetemeka, tukaambiwa kartie (mitaa) 10 kati ya 18 za Goma zihame, nikatembea mpaka mji wa Sake na kartoni kichwani, sijui nilidhani nani atanunua kule. Usiku tumelala kanisani, mtoto mmoja kama wa miaka 12 akachukua nakala, akasoma kwa taa ya simu mpaka pale kiganja kinapoinuka. Akafunga kitabu. Akaniuliza, "Huyu kaka, ile Jumamosi alikuwa wapi?"

Mpaka leo sijamjibu.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: usimpe shujaa nguvu yenye wasomaji wako walizika watu kwa kuikosa. Mpe ndogo, ya aibu, yenye inamletea taabu. Sasa hivi naandika msichana wa njia ya Sake, magoti yanamuwasha fasi yenye mazuku. Mazuku unayajua, ile gesi ya kaboni dioksidi inatoka chini, ni nzito kuliko hewa, inalala kwenye mabonde asubuhi upepo ukiwa haupo, haina harufu, mbuzi anashuka kula majani harudi. Basi, magoti yanawasha, hana kingine. Majirani wanamkodi akague shimo la choo na kumlipa maharage, mpangaji mwenye deni anamwomba aseme chumba kina mazuku ili apunguziwe kodi, mchungaji naye anadai fungu la kumi la kila goti. Nikiwasomea vijana wa mtaani wanacheka mpaka mbuzi wa pili akifa, wananyamaza, halafu wanacheka tena kama wamekasirika. Hapo ndipo unawataka.

Ah, kurasa: chini ya 100. Lugha: ile bibi yako anatumia akikukemea.

Na mandazi, sikusahau. Nakala 260 zilizobaki alizinunua mama mmoja muuza mandazi wa mtaa wa Birere, kwa kilo. Mwezi mzima nilikuwa nikipita pale napewa mandazi ndani ya ukurasa wa 41, kijana wangu ameinua kiganja, mafuta yanapita katikati.