Je, ni Faustina yupi? Majibu kuhusu sarafu ya shaba ya Kirumi

Ndugu, umeeleza kwamba sarafu yako ina uso wa mwanamke upande mmoja na mwanamke aliyesimama upande wa pili, na kwamba neno pekee linalosomeka ni FAVSTINA. Hao si mtu mmoja: mwenye uso ni mke wa kaizari, na aliyesimama ni mungu wa kike.

Kazi iliyobaki ni kujua Faustina yupi, kwa sababu walikuwa mama na binti. Mama aliolewa na Antoninus Pius, aliyetawala kuanzia 138 hadi 161. Binti aliolewa na Marcus Aurelius. Nilipopata sarafu yangu ya kwanza nilisoma DIVA, cheo cha waliotangazwa kuwa miungu baada ya kufa, nikaamua papo hapo kuwa ni mama, kwa kuwa sarafu zake nyingi zilitolewa baada ya kifo chake. Nilikosea, kwani binti naye alipofariki mwaka 175 au 176 alipewa cheo hicho hicho, na pembeni, palipochakaa, palikuwa na neno la Kilatini PIA (mcha miungu), la sarafu za binti, ambalo sikuliona. Siku hizi naanza na nywele: za mama zimesukwa na kuzungushwa juu ya utosi, ilhali za binti zina mawimbi yanayoishia kwenye fundo kisogoni.

Mungu wa kike hutambulika kwa alichoshika au kilicho miguuni pake. Ceres ana masuke ya nafaka na mwenge, Venus mara nyingi ana tufaha, Juno ana tausi. Herufi S C kando yake humaanisha kwa azimio la Seneti. Mimi nilidhani ni kifupi cha jina.

Ikiwa ina uzito wa gramu 25 hivi, ni sestertius, sarafu kubwa ya Kirumi. Ikiwa ni nusu ya hapo au pungufu, usishangae wauzaji wakiandika "dupondius au as", yaani sarafu mbili ndogo zaidi ambazo ni vigumu kuzitofautisha, kwa sababu kaizari kwenye dupondius kwa kawaida huvaa taji la miale, lakini mkewe hana alama hiyo, hivyo kinachobaki ni rangi ya madini, manjano kwa dupondius na nyekundu kwa as, nayo imefunikwa na utandu wa kijani.

Tafadhali usiukwangue utandu huo ili kuhakikisha. Yangu niliisugua kwa limau na chumvi kama sinia la shaba. Rangi nyekundu ilitokea, na nyusi za Faustina zikapotea. Ipime tu kwa mizani ya sonara, kisha weka hapa picha za pande zote mbili.