Tulipu Zisubiri Novemba

Kuanzia Septemba maduka ya Uingereza hujaa mifuko ya matunguu ya maua: tulipu, dafodili, krokasi, hayasinti. Aliyezoea kupanda mvua zikianza huona ajabu kufukia kitu ardhini wakati majani yanapukutika na baridi inabisha hodi. Lakini ua la tulipu huwa limeshaumbika ndani ya tunguu siku unayolinunua. Linachodai ni baridi ya wiki 12 hadi 16 ndipo shina lirefuke. Likiikosa, utaambulia majani matupu au ua lililodumaa.

Chagua tunguu gumu, zito mkononi. Libonyeze kitakoni, pale mizizi inapotokea, likibonyea, liache. Ganda la kahawia kubanduka si kasoro. Hayasinti huwasha ngozi, kwa hiyo vaa glavu.

Dafodili na krokasi hutoa mizizi mapema, basi zipande Septemba au Oktoba mwanzoni. Tulipu zisubiri Novemba, kwa sababu kuna ugonjwa wa ukungu unaozishambulia na kuacha majani yamejikunja, yana madoa kama yaliyounguzwa, nao hupungua makali udongo ukishapoa. Hata Desemba hujachelewa, maadamu ardhi haijaganda. Mlioko Minnesota, Marekani, msifuate kalenda hii: huko ardhi huganda mapema, malizeni kupanda Oktoba. Wakati wa kusubiri, yatunze matunguu kwenye mfuko wa karatasi, pakavu na penye ubaridi. Usiyaweke friji moja na matofaa, maana gesi inayotoka kwenye matunda yanayoiva huua ua lililomo ndani.

Kina cha shimo ni mara tatu ya urefu wa tunguu. Kwa tulipu ni sentimita 15 hadi 20, kwa krokasi 8 hadi 10. Ncha iangalie juu. Ukishindwa kuitambua, lilaze ubavu, shina litajitafutia njia. Acha sentimita 10 kati ya tulipu na tulipu.

Wengi huogopa baridi, kumbe kinachoua matunguu zaidi ni maji. Asili ya tulipu ni milima ya Asia ya Kati, kwenye kiangazi kikavu, na udongo wa mfinyanzi uliolowa majira yote ya baridi huziozesha. Chimba shimo la sentimita 30, ulijaze maji. Yakiwa bado yametuama kesho yake, usipande hapo kabla ya kurekebisha. Changanya changarawe na mboji kwenye tuta zima, au liinue tuta kwa sentimita 20. Kutia changarawe ndani ya shimo peke yake hakusaidii: maji ya mfinyanzi unaolizunguka hukusanyika humo humo, na tunguu likabaki dimbwini.

Kindi nao hufukua tulipu na krokasi usiku haujaingia. Okota maganda yote, shindilia udongo, kisha tandaza juu yake wavu wa banda la kuku na uufunike kidogo. Chipukizi zikichomoza, uondoe. Dafodili hawazigusi kwa kuwa zina sumu. Kwa sababu hiyo hiyo usiziache jikoni: zikishamenywa, hata mtu mzima huzidhania kitunguu.

Ua likinyauka, kata kichwa chake tu. Majani yaache yakauke yenyewe, wiki sita hivi, usiyafunge mafundo, maana ndiyo yanayolisha tunguu kwa ajili ya mwaka ujao. Dafodili zitarudi miaka mingi. Kichaka chake kikianza kutoa majani bila maua, mara nyingi kimesongamana: kichimbue majani yakishakauka, uyatenganishe matunguu na kuyapanda upya. Tulipu nyingi za dukani hugawanyika kuwa matunguu madogo yasiyo na nguvu ya kuchanua, kwa hiyo ni bora kununua mapya kila mwaka.

Wanaotaka kumpelekea mama tulipu Mombasa wajue kwamba bila miezi mitatu ya friji hazitachanua, na mimea huhitaji kibali kuvuka mpaka. Amarilisi, ua jingine la tunguu, haidai baridi hiyo. Panda tunguu lake kwenye chungu chenye tundu chini, shingo ikae juu ya udongo, na umwagilie kidogo hadi chipukizi litokeze.